Kijiji Kilichorudishwa Gizani

Wazee wa usharika wameniomba nisimame Jumapili ijayo, baada ya matangazo, niwaeleze washirika niliyojifunza kwenye Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Misheni. Nimekubali. Lakini kanisani kuna watoto, na kuna wazee wenye shinikizo la damu, kwa hiyo siku hiyo nitasema tu kwamba tulibarikiwa sana. Yaliyobaki nayaweka hapa.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nilikwenda kama mkalimani. Nchi yenyewe ni hii yetu, na jina lake silitaji, maana kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na afisa wa vibali yuko semina.

Somo la kwanza nililopata ni kwamba mkutano wa misheni haufanyiki penye Wakristo watupu. Mimi sikulijua hilo. Masharti ya waandaaji yalikuwa wazi: nchi mwenyeji iwe na hoteli ya hadhi, iwe na uwanja wa ndege, na iwe na walau jamii moja ambayo Injili haijaifikia, tena isiwe mbali zaidi ya saa mbili kwa basi lenye kiyoyozi. Hoteli tulikuwa nayo. Uwanja wa ndege tulikuwa nao, ingawa tunautumia kwa zamu na ng'ombe. Wasiofikiwa ndio waliotupiga chenga.

Nchi yetu imefikiwa, jamani. Imefikiwa mpaka imechoka. Mtaani kwangu makanisa yametazamana kama wachuuzi wa nyanya, na kila moja lina vipaza sauti vinne vilivyoelekezwa kwa mwenzake. Hata mlevi akilala mtaroni huamka ameshaombewa na madhehebu matatu. Utampata wapi mtu ambaye hajasikia?

Serikali haikukata tamaa. Ikaunda Idara ya Wasiofikiwa, ikaipa magari, bendera na mkurugenzi. Mkurugenzi huyo ni Dokta Obadia Mpangala, mtu mnene mwenye suti ya vipande vitatu, ambaye udokta wake alitunukiwa kwa heshima na chuo ambacho mpaka leo kinatafuta kiwanja. Idara ikatafuta milimani, ikatafuta mabondeni. Karani mmoja kijana akapendekeza Bunge. Karani huyo sasa yuko mpakani, anachunga kizuizi.

Mwishowe Dokta Mpangala akasema maneno ambayo yatakumbukwa. Akasema, "Kama hawapo, tuwaandae."

*

Kijiji kilichoteuliwa ni Mabwe. Kina barabara nzuri, kwa sababu gari la Mheshimiwa Rais liliwahi kukwama huko, kina mtandao wa simu, na nyuma yake kuna kilima kinachokaa vizuri kwenye picha. Kasoro yake ni moja tu. Watu wa Mabwe ni Wakristo tangu babu zao, na kwaya yao imewahi kuchukua ngao ya jimbo.

Kasoro hiyo Idara ikaishughulikia. Kanisa likafungwa kufuli na kubandikwa kibao cha GHALA LA MBEGU. Msalaba wa juu ya paa ukashushwa, ukalazwa nyuma ya gari la mkurugenzi chini ya turubai. Kengele ikavikwa gunia. Watu wakagawiwa mavazi ya asili yaliyoshonwa mjini, na kwa kuwa hakuna aliyebaki anayejua mababu walikuwa wakifanya nini, akaletwa mtaalamu wa mila kutoka wizarani awafundishe kuzunguka chungu. Mtaalamu mwenyewe ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Nilimsikia akiomba radhi kila walipomaliza mzunguko.

Siku ya mazoezi nilikuwepo. Dokta Mpangala aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya ghala la mbegu, kijiji kizima kimekaa chini.

"Mgeni akiwaambia Bwana asifiwe, mtajibu nini?"

"Amina," kijiji kikajibu.

"Hapana. Ninyi neno hilo hamjawahi kulisikia. Mtashangaa."

Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, akanyoosha mkono. "Kushangaa kwenyewe kunakuwaje, mheshimiwa?"

"Unaacha mdomo wazi."

"Haya, tumekuelewa."

"Bwana asifiwe."

"Amina," wakasema wote, kisha wakaacha midomo wazi.

Nilicheka siku hiyo. Nakiri nilicheka, na wao pia walicheka, maana kwetu serikali ikija na upuuzi watu huupokea kama mvua ya mawe: unaingia ndani, unangoja ipite. Isitoshe waliahidiwa kisima.

Aliyekosekana mazoezini ni Mwinjilisti Elkana, aliyekuwa kitandani hajiwezi. Huyu ndiye aliyeingia Mabwe akiwa kijana, kwa miguu, na Biblia na msumeno kwenye mfuko mmoja. Boriti za kanisa alizipasua mwenyewe. Karibu kila aliyekuwa akifundishwa kushangaa pale uwanjani alikuwa amefundishwa naye katekisimu. Walisema alikuwa akiuliza kutoka kitandani mbona kengele hailii, na mkewe akimjibu kwamba inatengenezwa.

Mwinjilisti akafariki Jumanne.

*

Mke wake, Mama Eunike, ni mwanamke mfupi, sauti ya kwanza kwenye kwaya, asiyependa maneno mengi. Alikuja siku hiyo hiyo kwenye hema la mkurugenzi, lililopigwa mbele ya kanisa, nami nikiwepo, kanga ameifunga kiunoni. Dokta Mpangala, ambaye kwa umri ni mwanawe, alikaa akingoja aamkiwe. Mama Eunike naye akakaa. Mwishowe nikamwamkia mimi ili mambo yaendelee.

"Marahaba, mwalimu," akaniitikia, kisha akamgeukia mkurugenzi. "Mheshimiwa, mzee ametutoka. Tunaomba ufunguo wa kanisa. Tunataka kuzika kesho."

"Pole sana, mama. Kanisa lipi?"

"Hilo nyuma yako."

Dokta hakugeuka. "Hilo ni ghala la mbegu."

"Basi tunaomba ufunguo wa ghala la mbegu."

Dokta akavua miwani, akaifuta taratibu, kama wafanyavyo wakubwa wetu wanapotaka kusema jambo la kipumbavu kwa utulivu. "Mama, ngoja nikueleweshe kitaalamu. Kijiji hiki hakijafikiwa. Injili inafika Jumamosi saa nne, baada ya chai. Sasa mtu hawezi kufa Mkristo Jumanne mahali ambapo Ukristo unafika Jumamosi. Wageni wakiona kaburi lina msalaba, tutawaambia nini?"

"Ameshakufa, baba."

"Basi mzikeni kimila. Mtaalamu yupo."

"Mila hizo hatuzijui."

"Ndiyo maana nikamleta mtaalamu."

Mama Eunike akaikaza upya kanga yake kiunoni. Nilidhani atalia, na nadhani Dokta naye alidhani hivyo, kwa sababu alianza kutafuta kitambaa mfukoni. Hakulia.

"Jumamosi, tukishaokoka, tutamzika kwa sala zetu?"

"Papo hapo," Dokta akasema, uso umemkunjuka. "Mtakuwa Wakristo kamili, nani atawazuia? Hata mimi mwenyewe nitashika koleo."

"Umesema mbele ya mwalimu huyu."

"Nimesema mbele ya Mungu, mama."

"Sawa," Mama Eunike akasema. "Ila kwa kuwa Yeye hafiki mpaka Jumamosi, acha nimshike mwalimu."

*

Mtauliza maiti iliwekwa wapi. Hospitali ya wilaya ina chumba cha maiti, na chumba kina majokofu, na majokofu yana jenereta lake. Jenereta lilikuwa limeazimwa hotelini, lipoze ukumbi wa mkutano.

Ukumbi ulipoa, hilo nashuhudia. Wajumbe walikaa wamevaa masweta. Jumatano mada ilikuwa "Utu wa Asiyefikiwa", na kulikuwa na kahawa ya aina nne. Waziri wetu akafungua kwa hotuba ambayo niliitafsiri neno kwa neno, maana hakuna namna nyingine ya kuitendea haki. Alisema serikali yake, kupitia yeye, kwa niaba ya Mheshimiwa Rais, inatambua uwepo wa mbingu, na kwamba milango ya mbinguni, kama ilivyo milango ya nchi yetu, iko wazi kwa wawekezaji makini. Wajumbe wakasimama wakapiga makofi. Mimi mkalimani koo langu likapewa chai ya tangawizi.

Rais wa mkutano alikuwa mgeni mmoja mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, Daktari Wendell. Huyu naye alizungumza vizuri sana. Alieleza jinsi asivyopata usingizi akiwafikiria watu wa Mabwe gizani. Picha ya kijiji ikaonyeshwa ukutani, watu na chungu chao. Nikamwona Mzee Nikodemo pale, mdomo wazi kama alivyoelekezwa.

Ijumaa nilikwenda Mabwe na mkurugenzi kukagua. Nikaingia kwa Mama Eunike kutoa pole. Walikuwa wamemlaza mzee chumba cha ndani, wamemzungushia mkaa na majani mabichi ya mgomba, wakimwagia maji sakafu. Haikusaidia. Siku tatu za joto lile, hapana kitu kinachosaidia. Mama Eunike alikaa kichwani pa mumewe, kipepeo cha ukindu mkononi, anafukuza nzi. Wanawake wenzake walitoka nje kwa zamu kupumua. Yeye hakutoka.

"Mwalimu," akaniuliza, "huko ukumbini wanasemaje?"

"Wanasema wanatupenda, mama."

"Hakuna joto huko?"

"Kuna baridi. Wamevaa masweta."

Akaendelea kupepea. Mimi nikatoka, nikapita uani, nikatapika nyuma ya choo. Sikutapika kwa sababu ya maiti. Nimeosha maiti kadhaa katika ukoo wangu. Nilitapika kwa ajili ya ile chai ya tangawizi. Kinyaa kilichonishika pale hakijaniachia mpaka leo, na ninyi mnaotaka mafunzo ya mkutano, hilo ndilo kubwa.

Nje, Dokta Mpangala alikuwa ameziba pua kwa tai yake. Akamwita mtaalamu wa mila, wakashauriana, wakakubaliana kwamba wageni wakiuliza, hiyo ni harufu ya dawa za mitishamba.

*

Jumamosi basi likafika. Wakashuka wajumbe na kofia zao na chupa zao za maji. Wakauliza, wakajibiwa mitishamba. Mama mmoja wa kigeni akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, akasema hatasahau.

Chungu kikazungukwa. Kisha Daktari Wendell akasimama na mimi pembeni yake, akafungua makaratasi ya mahubiri yake, akasema, "Ndugu zangu," nami nikasema, "Ndugu zangu."

Haki ya Mungu sikuongeza neno. Lakini wanaume wote wa Mabwe wakavua kofia. Wanawake wakajifunika vichwa. Watoto wakakunja mikono kifuani, na kijiji kizima kikafumba macho kikingoja sala. Unaweza kumfundisha mtu kushangaa. Kumsahaulisha mikono yake ikae wapi mbele ya mhubiri, hilo Idara haikuwa imelipangia muda.

Daktari Wendell akashusha makaratasi yake. Niliona anawatazama. Kisha akauliza kama yuko mtu ambaye angependa kumpokea—

"Mimi," akasema Mama Eunike, akafika mbele.

"Na sisi," wakasema wengine, wakasimama wote, kijiji kizima kwa mkupuo, wakasogea mbele wakisukumana. Mahubiri hayajaanza. Karatasi ziko mkononi mwa mhubiri bado. Wajumbe wakaanza kulia na kupiga picha, mmoja akapiga magoti kwenye kinyesi cha mbuzi bila kujali. Walisema haijapata kutokea. Waliokolewa upesi kuliko muda wa kuchemsha yai.

Mama Eunike akaongozwa sala ambayo amewaongoza wenzake maisha yake yote. Akasema amina. Akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa Dokta Mpangala, akakinga kiganja.

"Mheshimiwa, tumeokoka. Ufunguo."

Dokta alikuwa na simu sikioni. "Ngoja kwanza, mama. Kuna jambo limejitokeza." Akashusha simu. "Basi la pili lilisimama njiani kupiga picha twiga. Ndilo hilo lenye wafadhili wenyewe, na hawajaona kitu. Liko hapo darajani. Kwa hiyo itabidi mrudi nyuma kidogo."

"Nyuma wapi?"

"Gizani," Dokta akasema. "Nusu saa tu, mama. Wakishashuka mtaokoka tena, vilevile kama mlivyofanya. Mmefanya vizuri mno."

Watu wa Mabwe wakatazamana. Mzee Nikodemo alikuwa ameshavaa shati lake la Jumapili juu ya ule mgolole wa wizarani, na kwa sababu maisha yake yote ametii serikali, mikono yake ikaanza kufungua vifungo yenyewe.

"Nikodemo," Mama Eunike akamwambia, "funga shati."

Mzee akafunga.

"Mama, usiniharibie," Dokta akasema kwa sauti ya chini. "Tulielewana."

"Tulielewana, na nimetimiza. Nimeokoka mbele ya watu wako." Akainua uso akazitazama kamera za wajumbe, moja moja, kama mtu anayechagua dagaa. "Jumanne ningeimba ungenifunga. Unadhani nilikukubalia kwa nini? Nilingoja wageni wako. Nifunge sasa."

Dokta akatazama zile kamera. Kisha akawatazama polisi wake wawili, nao wakatazama kilima.

Wanaume wakaingia nyumbani kwa Mama Eunike, wakatoka na jeneza. Kufuli ya ghala la mbegu hata sijui nani aliivunja, niliikuta chini. Gunia likavutwa, kengele ikalia kwa mara ya kwanza wiki hiyo, na Mama Eunike akaanzisha wimbo wa maziko. Sauti ya pili ikadaka, ya tatu ikaingia, besi ikafuata kutoka nyuma ya jeneza. Hawa ndio watu waliokuwa hawajawahi kusikia. Polisi mmoja akavua kofia. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Hapo ndipo basi la pili likasimama.

*

Dokta Mpangala hakupata uongozi kwa kubahatisha. Wafadhili wakiwa wanashuka alikuwa ameshashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba wana bahati kubwa, kwani wanashuhudia mazishi halisi ya jadi, na kwamba nyimbo hizo ni za kale kabisa. Mzee wa kanisa akasoma Zaburi. Dokta akasema hayo ni matambiko. Alitangaza mazishi yote, kama mpira redioni, hadi jeneza likashuka.

Udongo ulipoanza kurudishwa, Daktari Wendell akapenya, akafika kaburini. Akasimama juu ya udongo mpya, akaweka mkono usoni, akalia mbele ya kamera. Alikuwa na machozi kwelikweli. Akawaambia wafadhili: mtazameni huyu mzee. Alikufa Jumanne, sisi tumefika Jumamosi. Siku nne tu, wapendwa, na amekwenda bila kulisikia lile Jina.

Mama Eunike akanivuta mkono. "Anasema nini?"

Nikamwambia. Sikuongeza wala sikupunguza.

Akalitazama lile kaburi. Kisha akasema, "Mwambie huyo ni mwinjilisti. Mwambie hilo Jina ndilo lililomleta hapa kwa miguu, na ndilo la mwisho alilolitamka. Mwambie amekaa ndani siku zote hizi ananuka ili wao wapate wa kumwokoa. Mwambie kama yalivyo."

Nikamsogelea Daktari Wendell sikioni, nikamwambia kama yalivyo.

Nilidhani ataanguka. Mimi ningeanguka. Aliinamisha kichwa, akanijibu kwa sauti ya chini, kwa upole kabisa: "Najua, ndugu yangu. Nilijua walipovua kofia. Hata mwaka jana, kule tulikokwenda, ilikuwa hivi hivi. Lakini walionituma hawajui, na wakijua, hawatatuma tena."

Kisha akawageukia wafadhili, akainua mkono, sauti ikitetemeka. "Mjane ameniletea ujumbe kupitia mkalimani," akasema. "Anauliza: kwa nini mlichelewa?"

Kilio kikalipuka pale, hujapata kusikia. Wafadhili walikumbatiana. Dokta Mpangala akapiga makofi peke yake, akakumbuka ni msiba, akaacha.

"Amesemaje?" Mama Eunike akaniuliza.

"Amesema wewe umeuliza kwa nini walichelewa."

Akamtazama yule mgeni, viatu vyake safi vimezama kwenye ule udongo mwekundu. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Nilimwona amechoka tu, mtu ambaye hajalala tangu Jumanne.

"Mwambie asogee," akasema. "Amesimama upande wa kichwa."

Nikamtafsiria. Daktari Wendell akaomba radhi, akasogea hadi upande wa miguu, akaendelea.